PHONO si simu: maswali yenu kuhusu kuunganisha simu na laptopu kwenye amplifaya

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: amplifaya ipo, spika zipo, nyimbo zimo ndani ya simu au laptopu, na kilichobaki ni kuzikutanisha. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Swali: Assalaam alaykum. Marehemu baba ametuachia amplifaya na spika zake mbili kubwa. Nyuma yapo matundu yaliyoandikwa PHONO, TUNER, TAPE IN na TAPE OUT, lakini hakuna lililoandikwa AUX. Nilichomeka simu kwenye PHONO nikidhani ndilo la simu, ikatoka sauti nene ya kukwaruza. Nimeiharibu? (Msomaji wa Wete, Pemba)

Jibu: Waalaykum salaam. Hujaharibu kitu, na kosa hilo tumelifanya wengi, mimi nikiwamo. Neno PHONO halihusiani na simu. Hilo ni tundu la gramafoni. Sindano ya gramafoni hutoa umeme mdogo mno, kiasi cha milivolti 5, na zaidi ya hayo santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa sababu besi ikiandikwa kwa nguvu zake zote mfereji wa santuri hupanuka na dakika za nyimbo hupungua. Ndiyo maana nyuma ya tundu hilo imewekwa sakiti inayoikuza ishara mara nyingi na kuirejeshea besi yake. Simu iliyopandishwa sauti hadi mwisho huweza kutoa nusu volti hadi volti moja, yaani mara 100 hadi 200 ya kile ambacho sakiti ile inakitarajia, na besi yake haikupunguzwa na mtu. Matokeo ni huo mlio uliousikia.

AUX ni tundu la kupokelea sauti kutoka mashine nyingine, na matundu ya TUNER na TAPE IN ni hiyo hiyo AUX kwa majina mengine, kwani yote hupokea ishara ya kiwango kimoja. Tafuta waya wenye pini ya milimita 3.5 upande wa simu na pini mbili za RCA, zile nene za nyekundu na nyeupe, upande wa amplifaya. Zima amplifaya, chomeka nyekundu kulia na nyeupe kushoto kwenye TAPE IN, kisha washa na uzungushe kichaguzi hadi TAPE. Baadhi ya amplifaya hazina TAPE kwenye kichaguzi bali zina kitufe cha pembeni kilichoandikwa TAPE MONITOR, nacho lazima kibonyezwe. TAPE OUT iache, maana hiyo hutoa sauti kwenda kwenye deki ya kurekodia, na ukichomeka simu hapo hutasikia kitu. Sauti ya simu ipandishe karibu na mwisho, halafu uongeze na kupunguza kwa kitufe cha amplifaya. Ukifanya kinyume, simu chini na amplifaya juu, utakuza na ule mlio wa "shhh" uliomo ndani ya mashine, na siku mtoto atakapopandisha simu bila kujua, nyumba nzima itaruka.

Mwenye amplifaya ya Ulaya ya miaka ya 1960 au 1970, yenye tundu la duara lenye vishimo 5 badala ya RCA, naye asikate tamaa. Katika tundu la deki, sauti huingia kupitia kishimo cha 3 na cha 5, na cha 2 ni erthi. Aombe adapta iliyofungwa hivyo, kwa kuwa zipo zilizofungwa kwa ajili ya kutoa sauti tu.

Swali: Simu yangu mpya haina tundu la hedfoni kabisa. Je, nimeshatoka kwenye mchezo? (Michenzani)

Jibu: Hujatoka. Mtindo huu ulishika kasi baada ya iPhone 7 kutoka mwaka 2016 bila tundu hilo, na wengine wakafuata. Njia zako ni mbili.

Ya kwanza ni adapta inayoingia kwenye tundu la chaji na kukupa tundu la milimita 3.5. Hapa pana mtego. Adapta za USB-C zipo za aina mbili ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha: moja ina chipu ndani yake inayoigeuza sauti kutoka tarakimu kuwa umeme wa kawaida wa sauti, na nyingine ni nyaya tupu zinazotegemea simu yenyewe ifanye kazi hiyo, na simu nyingi haziifanyi. Niliwahi kununua moja katika duka la mjini, simu ya mke wangu ikaitika vizuri, yangu ikanyamaza kama haikuona kitu. Muuzaji alisema simu yangu mbovu. Kumbe adapta haikuwa na chipu. Nenda na simu yako dukani na usilipe mpaka umesikia sauti. Wenye iPhone wakumbuke kwamba tundu la USB-C limeanza na iPhone 15 ya mwaka 2023, na za kabla yake zinataka adapta ya Lightning.

Njia ya pili ni kipokezi cha Bluetooth, kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye chaja ya kawaida ya simu ya volti 5, chenye pini za RCA za kuingia kwenye AUX. Ni raha kwa nyumba ambayo kila mtu anataka kupiga wimbo wake. Hata hivyo sauti huchelewa kidogo njiani, na ukiangalia filamu kwenye laptopu utaona midomo ikitangulia maneno. Mimi kwa kukaa na kusikiliza natumia waya, na Bluetooth nawaachia watoto.

Swali: Bluetooth inakula bando? (Mkoani)

Jibu: Haili. Kinachokula bando ni kuuvuta wimbo kutoka intaneti, ambapo kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde saa moja humaliza megabaiti 144. Nyimbo zilizohifadhiwa ndani ya simu hazigusi bando, kwa waya wala bila waya.

Swali: Nikisikiliza taarab kutoka kwenye laptopu, sauti ni safi. Nikichomeka chaja tu, spika zinaanza kuvuma "mmmm" bila kukoma, hata wimbo ukisimama. Amplifaya imeunganishwa pia na televisheni yenye dishi. (Mbweni)

Jibu: Umeshanipa jibu ndani ya swali. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na huo mvumo ndio mizunguko hiyo unayoisikia. Laptopu yenye chaja ya pini tatu imefungwa kwenye erthi ya ukutani, na amplifaya yako imepata njia yake ya erthi, pengine kupitia waya wa dishi lililofungwa kwenye bomba huko juu ya paa. Ukiziunganisha kwa waya wa sauti, njia mbili za erthi hugeuka duara moja, na ndani ya duara hilo hupita mkondo mdogo ambao amplifaya haiwezi kuutofautisha na muziki.

Chomoa waya wa dishi kwenye televisheni usikilize. Mvumo ukikatika, umeshampata mwizi. Kisha jaribu kuchomeka laptopu, televisheni na amplifaya kwenye ekstensheni moja, jambo ambalo mara nyingi hupunguza mvumo hata kama haliuondoi. Ukibaki, nunua kitenganishi cha erthi, kisanduku kidogo chenye transfoma mbili ndogo ndani, kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Muziki hupita kwa sumaku na waya haugusani na waya. Na pale unapotaka utulivu wa nusu saa tu, chomoa chaja usikilize kwa betri.

Wapo mafundi watakaokushauri uvunje ile pini ya erthi ya chaja. Mvumo utaondoka kweli, ila pini ile ndiyo inayokulinda siku waya wa moto utakapogusa bati la mashine. Usikubali.

Usichanganye mvumo huu na ule mlio wa "trrr-trrr" unaokuja sekunde chache kabla ya simu kuita. Huo hutoka kwenye simu inayotumia mtandao wa 2G, ambayo hurusha mawimbi kwa vipande 217 kila sekunde, nayo dawa yake ni kuisogeza simu mbali na amplifaya na nyaya zake.

Swali: Nimeletewa amplifaya ya Kijapani kutoka Dubai. Nyuma imeandikwa AC 100V, 50/60Hz. Jirani ananiambia nichomeke tu, zote ni umeme. (Chake Chake)

Jibu: Usichomeke. Ukutani kwako zipo volti 230, zaidi ya mara mbili ya zile ilizotengenezewa. Ukibahatika itakatika fyuzi. Usipobahatika utasikia harufu ya transfoma inayoungua kabla hujafika kwenye swichi. Hayo maandishi ya 50/60Hz yanahusu mizunguko tu, hayasemi lolote juu ya volti, na ndiyo yanayowadanganya wengi. Tazama kwanza kama nyuma kuna kichaguzi cha volti, kwa kuwa baadhi ya mashine za kuuzwa nje ya Japani zilikuwa nacho. Kama hakipo, utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Zinazopatikana kwa urahisi hushusha hadi volti 110, ambazo ni asilimia 10 juu ya unazozitaka. Afadhali utafute ya volti 100 hasa. Ukubwa wake uzidi kwa mbali wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.

Swali: Tangu masika spika ya kushoto inapotea na kurudi. Ninunue nyingine? (Makunduchi)

Jibu: Bado. Piga kwanza rekodi ya zamani ambayo sauti yake ni moja pande zote, kwa mfano zile alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, ili usije ukailaumu spika kwa ala iliyowekwa upande mmoja na mrekodi. Halafu badilisha pini mahali: nyekundu iende kwenye tundu jeupe na nyeupe kwenye jekundu. Ukimya ukihamia kulia, ubovu uko kwenye waya au simu. Ukibaki kushoto, uko kwenye amplifaya, nyaya za spika au spika yenyewe.

Tazama na kava la simu. Nchani mwa pini ya milimita 3.5 pana upande wa kushoto, pete inayofuata ni ya kulia, na nyuma yake ni erthi. Kava nene likiizuia pini kwa milimita moja tu, upande mmoja huning'inia. Kisha angalia matundu yenyewe kwa tochi. Kwetu hewa ya bahari huyapaka ukungu wa kijani. Zima mashine, zungusha pini ndani ya tundu mara tano au sita, kisha usafishe kwa pamba iliyochovywa spiriti na uache ikauke. Mafuta ya aina yoyote hapana. Nimewahi kufungua amplifaya ambayo matundu yake yalipakwa mafuta ya nazi, na vumbi la miaka lilikuwa limeganda humo kama halua.

Swali: Amplifaya ya honi ya madrasa yetu ina tundu moja tu la AUX na moja la MIC. Waya wa simu una pini mbili. Tuziunganishe pamoja? (Nungwi)

Jibu: Msizifunge pamoja, kwani kila upande wa simu utakuwa unausukuma mwenzake. Ingieni kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, mkawashe sauti ya mono. Hapo pande zote mbili hubeba kitu kimoja, nanyi mtachomeka pini moja kwenye AUX na nyingine kuizungushia utepe isiguse bati. MIC isiguswe, maana ni ya milivolti chache kama ile PHONO ya ndugu yetu wa Wete. Na kabla ya kisomo kuanza, iwekeni simu katika hali ya ndegeni, la sivyo akipiga mtu mlio wake utasikika mpaka pwani.