Kwa mnaoanza zamu ya kulisha nyoka: hatupiwi panya hai na kuachwa naye

Kundi jipya la fildi likiingia hapa, wiki za mwanzo huwa nafumbia macho mengi. Anayesahau kubana kitasa cha kreti namkumbusha. Anayemwita kifutu mwenye sumu "chatu mdogo" namcheka, kisha namsogeza mbali na mlango. Lakini kuna jambo moja linalorudi kila mwaka vilevile, na juzi limerudi tena: kijana kafungua tanki, kamwingiza panya mzima mwenye nguvu zake, kafunga, kaandika "amelishwa" kwenye daftari, kaenda kunywa chai. Nilipomuuliza akanijibu bila wasiwasi wowote, "Bosi, akisikia njaa si atakula?"

Haya, kaeni tuongee. Nitaweka namba ili msiseme sikupanga.

1. Nyoka anakula wanyama, hilo halina mjadala. Kila msimu hapakosi mmoja anayeniuliza pembeni kama chatu hawezi kuzoeshwa nyama ya kusaga, maana panya wanamtia simanzi. Hawezi. Anahitaji mnyama mzima, na mifupa yake, na ini lake, na vilivyomo tumboni. Ukimpa mnofu mtupu utamdhoofisha taratibu huku ukijiona mwema. Yupo nyoka mla mayai, ambaye maisha yake yote hali kingine: analimeza yai zima, analipasua kwa ncha za uti wa mgongo zilizochomoza hadi kooni, kisha anatema ganda lililopondeka. Kama panya wanakuliza kweli, niambie, nikupangie banda lake. Sikucheki. Anayenitia mashaka ni yule asiyehisi chochote tangu siku ya kwanza.

2. "Mbona porini wanakula hai?" Hii nimeisikia kwa lafudhi zote za nchi hii. Porini panya ana shimo, ana majani, ana giza, na mara nyingi anaponyoka. Nyoka naye ana hiari ya kujiondokea. Kifutu akishagonga humwachia panya akimbie, kisha anamfuata kwa ulimi hadi alipoangukia. Ndani ya boksi la plastiki hakuna hata mmoja kati yao mwenye pa kwenda. Mfuniko ukishafungwa, hakuna cha porini humo ndani, kuna kazi yako tu.

Nitakuwa mkweli kwa upande wa pili. Chatu akigonga sawasawa, mambo huisha upesi kuliko tulivyofundishwa zamani. Tuliambiwa anamnyima panya pumzi hadi afe. Mwaka 2015 Scott Boback na wenzake wa Dickinson College kule Pennsylvania walipima mapigo na presha ya panya waliokuwa wamebanwa na nyoka jamii ya boa, wakakuta mzunguko wa damu unaporomoka ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo sina ugomvi na pigo moja safi. Ugomvi wangu ni hayo mengine yote mnayoyaona kila wiki: nyoka amekosa shabaha, nyoka amemshika panya kiunoni, nyoka hana njaa, na panya amebanana kwenye kona nusu saa.

Na msiniambie "alikuwa kimya tu." Panya akiwa na hofu hutoa sauti ya takriban kilohezi 22, na sikio la binadamu linaishia kama 20. Analia, wewe ndiye humsikii. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walimfungia panya mmoja kwenye kichupa na kumwacha mwenzake nje. Wa nje akajifunza kumfungulia, na hata palipowekwa chokoleti wengi walimfungulia mwenzao na kumbakishia. Halafu sisi ni Watanzania. Pale Morogoro, kwenye chuo cha kilimo cha SUA, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, buku aliyezaliwa hapa hapa nchini, alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la tiba ya wanyama la Uingereza, mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, na nyote mliweka picha yake kwenye simu zenu na maneno ya fahari. Najua buku si hawa weupe wetu. Lakini ubongo wa kuogopa wanao wote.

3. Hapa nitakawia, maana ni habari yangu.

Tulikuwa na chatu jike tuliyemwita Shangazi, kwa tabia yake ya kumtazama kila mgeni juu hadi chini bila kupepesa. Siku hiyo macho yake yalikuwa yameanza kuwa meupe. Mnajua maana yake: anakaribia kujivua, haoni vizuri, hataki kuguswa wala kula. Mimi niliona. Sitasingizia kwamba sikuona. Ila ratiba ilisema ni zamu yake, friza ilikuwa imeharibu kila kitu baada ya umeme kukatika, na kwenye kreti ya wazazi kulikuwa na dume kubwa lililozidi umri wa kuzalisha. Nikaamua ndilo hilo.

Kwa miaka mingi nilipowasimulia wageni wa kazi nilisema niliondoka kwa uvivu, maana uvivu unasameheka. Si kweli. Niliondoka kwa sababu sikutaka kuona. Yule dume nilimlea mwenyewe tangu akiwa pinki, yaani kichanga asiye na manyoya, na alikuwa akisikia funguo anakuja mbele ya wavu kunusa vidole. Nilipomtoa akapanda mkono wa sweta yangu akajichimbia ndani, karibu na kiwiko, akatulia. Ilinibidi nivue sweta kumtoa. Nikamweka kwenye boksi la Shangazi, nikafunga, nikazima taa, nikajiambia kwamba gizani mambo huenda haraka. Moyoni nilikuwa naita hiyo huruma. Nikaenda kulala.

Sasa fikirini. Panya usiku kucha, hana maji, hana chakula, na mbele yake kuna nyama kubwa isiyosogea. Mlitegemea afanye nini?

Asubuhi Shangazi alikuwa amejiviringa, kichwa amekificha chini kabisa. Mgongoni, pale mzunguko wa juu ulipokuwa umejitokeza, ngozi haikuwepo. Palikuwa na uwazi unaotosha kiganja, nyama mbichi, na katikati yake vitu vyeupe vidogo vimepangana mstari. Nilidhani ni mabaki ya gamba kavu, nikanyoosha kidole nikitoe. Zilikuwa ncha za uti wa mgongo.

Hakupigana. Watu hawaamini hili hadi walione: mnyama anayeweza kumbana mbuzi analiacha panya limle akiwa hai, kwa sababu nyoka asiyewinda mara nyingi hagongi, anajikunja na kungoja hatari ipite. Na hii haikuwa na pa kupita.

Yule dume alikuwa kwenye kona, ananawa uso kwa mikono yake miwili, polepole, kama anavyonawa kila asubuhi. Nikamchukia. Nilitaka kumpiga ukutani, na nadhani ningempiga. Mzee aliyekuwa mkuu wa zamu akaniwahi, akamchukua mkononi, akamwekea kisahani cha maji. Panya akanywa, akapumzika, akarudi kunywa. Mzee hakunifokea hata kidogo, na ningefurahi kama angenifokea. Alinishika bega akasema, "Mtazame anavyokunywa, mwanangu. Hii umeifanya wewe kwa wote wawili."

Daktari wa mifugo alisafisha, akakata nyama iliyokufa, akatupa dawa na maelekezo, na kwa miezi tukawa tunabadilisha bandeji kwenye mnyama asiye na bega wala kiuno cha kuishikiza. Shangazi alipona. Lakini kila akijivua, gamba linang'ang'ania kwenye lile kovu, na lazima aloweshwe na kubanduliwa kwa kitambaa cha maji, kidogo kidogo. Kazi hiyo nilikabidhiwa mimi, ya kudumu. Yule dume hakuna aliyethubutu kumwandika tena kwenye orodha ya kulishia. Alizeeka kwenye kreti yake, akafa usingizini, mnene.

Nimewasimulia kirefu kwa sababu mashaka ya kimaadili nilikuwa nayo tangu mwanzo, mengi tu. Nilidhani kuwa nayo kunatosha. Yule niliyemhurumia ndiye niliyemfungia kwenye boksi kavu usiku mzima.

4. Ya haraka, ambayo mngesoma hata kwenye ubao wa chumba cha kulishia kama mngekuwa mnausoma. Panya asizidi unene wa nyoka pale aliponenepa zaidi. Aliyegandishwa ayeyuke usiku ndani ya friji, kisha apashwe kwenye maji ya moto yasiyochemka hadi afikie kama nyuzi 38, kichwa kikiwa cha moto kuliko mwili, maana chatu ana vishimo vya kuhisi joto mdomoni na hugonga penye joto. Mpe kwa koleo refu, si kwa vidole. Umtikise kidogo tu, humchezeshi ngoma. Baada ya kula asishikwe siku mbili. Akitapika, acha wiki mbili kabla ya kumjaribu tena na mdogo zaidi. Umeme ukikatika hadi panya wakalainika, hawarudishwi friza. Wala mikrowevu ya jikoni si ya kuyeyushia; mtu alijaribu, na hadi leo kuna wafanyakazi hawapashi chakula humo.

Panya wa mitaani, hapana. Hujui kala sumu gani.

5. Hai ni lini, basi? Yapo matukio. Nyoka aliyeletwa na wanakijiji, hajawahi kuona mzoga ukining'inia kwenye chuma, atakonda mbele ya panya aliyeyeyushwa vizuri kabisa. Kabla hujakimbilia hai, mpe aliyeuawa sasa hivi akiwa bado na joto lake. Mfunike boksi, mpe giza, mpe pa kujificha, mwache wiki. Nyoka wazima wanavumilia njaa kuliko wewe unavyovumilia kuwatazama. Ikishindikana, ndipo hai, na kwa masharti: panya mdogo kuliko kawaida yake, aliyeshiba na kunywa, macho ya nyoka yawe angavu, na wewe uko hapo hapo, koleo mkononi, simu mfukoni. Dakika kumi na tano. Hajagonga, panya anatoka. Wiki ijayo unajaribu tena aliyeuawa. Lengo ni kumwachisha, na wengi huacha.

6. Kuua. Mnapenda neno "waliogandishwa" kwa sababu halina mtu ndani yake. Mtu yupo, na kwa hapa kwetu atakuwa mmoja wenu. Hutamgusa panya hadi nikufundishe kuvunja shingo kwa mwendo mmoja, kwanza kwenye mizoga, mara nyingi, hadi mkono usisite. Mkono unaosita ndio unaotesa. Tukitumia kabonidayoksaidi, inaingizwa taratibu kwenye boksi lenye panya. Hawatumbukizwi kwenye boksi lililojaa gesi tayari, maana ikiwa nyingi ghafla inawachoma puani. Pinki wanaihimili gesi muda mrefu kuliko wakubwa, kwa hiyo usimtoe ukidhani kafa. Na anayemtia pinki friza akiwa hai kwa sababu "ni mdogo, hajui" aje aniage, arudi chuoni.

Ukitetemeka mara ya kwanza hutaandikwa vibaya. Ukiniambia huwezi kabisa, zipo kazi nyingine: kupima, kusafisha, kuongoza wageni. Ila usiniambie huwezi kisha ukamwachia panya nyoka asiye na njaa.

7. Wageni watakuombeni muwaonyeshe "akila live". Watatoa na hela. Jibu ni hapana, na hela irudi mfukoni kwake. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, isomeni. Wanachokuja kuona ni mwingine akiogopa, na wakishaona watawaambia watoto wao nyoka ni katili, ilhali boksi tumelifunga sisi. Waelezeni kwa nini chatu hula mara chache kwa mwezi. Waonyesheni gamba. Watoto wanapenda gamba kuliko mnavyodhani.

Na wale wawili mlioniuliza kuhusu kumchukua chatu nyumbani fildi ikiisha: hafugwi bila kibali cha wanyamapori, na kabla sijawaonyesha fomu inakoanzia, nionyesheni kwanza friza yenu na jenereta yake.

Kesho ni Jumanne. Tanki la nne ana macho meupe, ruka jina lake. Yule mdogo wa kreti ya chini alimkataa aliyeyeyushwa wiki iliyopita, kwa hiyo toeni pinki wawili jioni hii, na asubuhi mnisubiri kabla hamjafungua mfuniko.