Kiwanja cha ufukweni Lombok: jibu la mtu anayeishi huko

Mkuu, umeuliza mawili kwa mpigo: kama Mtanzania anaweza kuishi kijiji cha pwani kusini mwa Lombok, kisiwa cha Indonesia, bila kujuta, na kama akiba yako ya Maskati iende kwenye kile kiwanja cha ufukweni ulichokiona kwenye video kabla bei haijapaa. La kwanza nakujibu ndiyo. La pili hapana, na hilo ndilo nitakalolikalia zaidi maana ndipo pesa zinapopotelea.

Mimi ni mtu wa Tanga, mke wangu ni Msasak, yaani mwenyeji wa Lombok, tulikutana hukohuko Maskati wote tukitafuta riziki. Tuko kijijini kwao upande wa ghuba ya Awang tangu kabla ya matetemeko ya 2018.

Tuanze na ardhi. Indonesia wana Hak Milik, umiliki kamili usio na ukomo, na huo ni wa raia tu. Uko kwenye sheria yao ya ardhi ya mwaka 1960 na haujaguswa mpaka leo. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi anaweza kupata Hak Pakai, haki ya kutumia: miaka 30, ikaongezwa 20, ikahuishwa 30 mingine, kwa kanuni za 2021. Kwenye karatasi inapendeza. Tatizo ni kwamba nyumba ya mgeni lazima ifikie bei ya chini iliyowekwa kwa kila mkoa, na nyumba za kijijini kwetu hazifikii hata ukizipaka rangi ya dhahabu. Kuna njia ya kufungua kampuni ya kigeni. Hiyo inataka mpango wa uwekezaji wa zaidi ya rupia bilioni 10, ardhi na majengo hayahesabiwi humo. Ni kama dola laki sita. Ukiwa nazo, achana na mimi, tafuta mwanasheria.

Yule kijana wa video hakuambii hayo. Atakuambia kiwanja kiandikwe jina la mtu wa hapa, halafu ninyi wawili muandikiane mkataba wa pembeni kwamba mali ni yako. Wageni wengi wamefanya hivyo, Bali na Lombok, na wengine hawajasumbuliwa bado. Lakini soma kifungu cha 26 cha sheria hiyohiyo ya 1960: mauziano ya kumhamishia mgeni ardhi ya Hak Milik, hata kwa kuzunguka, ni batili, ardhi inaangukia serikalini, na fedha ulizolipa huwezi kuzidai. Yaani siku mwenye jina akifa na wanawe wakasema hawakujui, huna pa kwenda kulia. Na tusiwalaumu Waindonesia. Kwetu Tanzania mgeni naye hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji.

Kinachobaki ni kukodi ardhi kwa miaka 25 au 30 na kulipa yote mbele. Ni halali. Ila elewa unachonunua: unanunua muda, na muda unapungua kila kukicha. Bei ya ardhi ikipanda mara tatu, anayecheka ni mwenye ardhi. Wewe ukitaka kuuza mwaka wa kumi na tano, unamuuzia mtu nusu iliyobaki, na huyo mtu naye ana uwezo wa kwenda kwa mwenye ardhi moja kwa moja.

Tena hata raia wenyewe wanaungua. Bei hutajwa kwa "are", mita za mraba 100, na maneno huenda haraka. Viwanja vingi vya vijijini havikuwa na hati ya ofisi ya ardhi (BPN) kwa miaka mingi, vilikuwa na karatasi za kodi za zamani wanazoziita girik, na mauziano yalimalizikia kwenye risiti yenye stempu na mashahidi wawili. Serikali imekuwa ikipima na kutoa hati kwa wingi, lakini upimaji ndio umefufua ugomvi: kaka mmoja aliuza, dada zake watatu wako Malaysia na Saudia, hawakuulizwa, wanarudi wanadai urithi wao. Ukoo wa mke wangu una kesi ya namna hiyo mpaka leo, na watu wanasalimiana msikitini bila kutazamana usoni. Ukisikia kiwanja ni rahisi ajabu, uliza warithi wako wangapi na wako wapi. Mauziano ya kweli hufanyika mbele ya afisa wa hati anayeitwa PPAT. Bila hati yake ofisi ya ardhi haihamishi jina.

Halafu huo "ufukweni" wenyewe. Kanuni ya mwaka 2016 inataka ukanda wa angalau mita 100 kutoka maji yanapofika yakijaa kabisa uachwe wazi. Utaniambia mbona kuna vibanda na mahoteli ndani ya mita hizo. Vipo, mpaka siku ya siku. Mwaka 2025 vibanda vya ufukwe wa Tanjung Aan vilibomolewa kupisha mradi wa utalii wa Mandalika, na wenyewe walikuwa wakiuza nazi na kahawa pale kwa miaka. Mandalika ndiyo inayowapa madalali mdomo: uwanja wa mbio za pikipiki ulifunguliwa 2021, MotoGP ikaja Machi 2022, na tangu hapo kila kichaka cha mbuzi kimekuwa "karibu na Mandalika". Awang kweli ni karibu, lakini mashabiki wanakuja siku chache, wanaondoka, kichaka kinabaki cha mbuzi.

Bahari nayo ina historia yake. Agosti 1977 tetemeko la Sumba lilileta tsunami pwani hizi za kusini, na wazee hapa wanaweza kukuonyesha maji yalipofika. Ndiyo maana nyumba za zamani ziko juu kidogo ya tambarare, na wanaojenga chini kabisa ni wageni. Tetemeko la Agosti 5, 2018 liliua zaidi ya watu 500, wengi kaskazini mwa kisiwa. Huku kwetu lilitutoa nje usiku tukalala kwenye maturubai.

Maisha sasa. Hapa sina malalamiko mengi. Kisiwa ni cha Waislamu kwa sehemu kubwa, Maulidi husherehekewa kwa kishindo, na mtu wa pwani yetu hajihisi mgeni sana. Wanawake wana arisan, ambayo ni upatu uleule wa mama zetu. Umeme ni wa kununua tokeni kama LUKU. Pilipili yao lakini ni adhabu, na mchicha wa maji unaoliwa na sambali yake (plecing) utakutoa jasho kabla ya wali kuisha. Shida kubwa ni maji. Kusini ni kukavu. Kuanzia Mei mpaka Oktoba visima vingine huingia chumvi, na tunanunua maji ya lori. Zahanati (puskesmas) inatosha kwa homa na kujifungua kwa kawaida. Ukizidiwa ni mjini, Praya au Mataram, na barabara usiku ina nyati wa kufugwa.

Riziki ya kijiji inategemea bahari, na bahari inategemea serikali ya Jakarta. Watu hapa hulima mwani kwa kamba zinazoelea, wanakwenda kwa ngalawa, si kama akina mama wa Paje, Zanzibar, wanaofunga wakati wa maji kupwa. Lakini pesa ya haraka ni vifaranga vya kamba-koche, vinavyonaswa kwa mikunjo ya karatasi za mifuko ya saruji. Mwaka 2016 kuvisafirisha nje kulipigwa marufuku. Mwaka 2020 kukaruhusiwa, na mwaka huohuo waziri wa uvuvi akakamatwa kwa rushwa ya vibali. Mwaka 2021 wakafunga, 2024 wakafungua tena. Shemeji yangu amejenga chumba kimoja kila walipofungua. Ukija ukidhani utafungua kaduka kwa sababu wavuvi wana hela, uliza kwanza tuko msimu gani wa kanuni. Na kuajiriwa sahau: mwajiri huilipa serikali dola 100 kwa mwezi kwa ajili ya kila mgeni, achilia mbali makaratasi.

Kwa hiyo njoo ukae. Kodi nyumba kwa mwaka, ndivyo wanavyolipisha, mwaka mzima mbele. Jitambulishe kwa mkuu wa kitongoji kabla hujafungua mabegi. Upitishe kiangazi kimoja cha maji ya lori ndipo uzungumze habari za kujenga.

Mwisho uliuliza kama ukioa huku mambo yanakuwa rahisi. Kidogo. Bila mkataba wa kutenganisha mali, mke wako naye anapoteza haki ya kununua Hak Milik, kwa kuwa nusu inahesabiwa yako. Zamani mkataba huo ulikuwa lazima ufungwe kabla ya ndoa; mahakama ya katiba iliruhusu 2016 ufungwe hata baadaye, na sisi ndivyo tulivyofanya. Nyumba yetu iko kwenye ardhi ya mke wangu, jina lake peke yake. Akitangulia yeye, mimi nina mwaka mmoja wa kuiachia. Watoto wanaruhusiwa uraia wa nchi mbili mpaka miaka 18, na mitatu zaidi ya kuamua. Atakayechagua Indonesia ndiye atakayebaki na kiwanja.