Kuiua famwea ya wifi makusudi ili uipime draiva

Swali (msomaji, Arua): Habari injinia. Huku West Nile tunafunga ruta za Linux mashuleni, chipu yake ya wifi inaendeshwa na draiva ya ath10k (draiva ni programu ya Linux inayoongea na chipu). Mara famwea (programu inayoendesha chipu yenyewe kwa ndani) inakufa, wifi hairudi mpaka mtu achomoe umeme. Naweza kuongeza nini kwenye draiva ili hali hiyo niilete mwenyewe hapa mezani, nisisubiri itokee?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Kwanza usianze kujaza printk (mistari ya kuandika ujumbe kwenye logi) kila mahali, zinabadilisha muda wa mambo ndani ya draiva na tatizo lenyewe linaweza kujificha, unabaki na logi ndefu isiyosema kitu.

Na kabla hujaandika hata mstari mmoja, ath10k ina mlango wake tayari. Kompaili kaneli (kiini cha Linux) na CONFIG_ATH10K_DEBUGFS, inayofungua debugfs, yaani faili za kaneli za kutafutia makosa, utakuta faili simulate_fw_crash ndani ya /sys/kernel/debug/ieee80211/phy0/ath10k/ (namba ya phy yaweza kuwa nyingine). Wifi ikiwa imewaka, andika:

echo hard > simulate_fw_crash

Hapo draiva inaitumia famwea amri yenye namba ya vdev (kiolesura pepe cha wifi) 0x7fff, namba isiyokuwepo kabisa, na famwea inaanguka kweli. Ukiandika hw-restart badala ya hard, famwea haiangushwi, draiva inaanza tu kazi ya kuiamsha upya. Jaribu zote mbili: hw-restart ikipita na hard ikikwama, anza kutafuta kwenye sehemu inayogundua kifo, zikikwama zote anza na njia ya kuamsha.

Sasa ukitaka mlango wako mwenyewe, tengeneza faili kwa debugfs_create_file chini ya hw->wiphy->debugfsdir, ruhusa 0200 (kuandika tu), kwenye fanksheni ya write shika mutex (kufuli) ya draiva, hakikisha kifaa kiko hai, ndio utume amri mbovu. Ila tafadhali usiite kazi ya kuamsha moja kwa moja kutoka hapo! Acha famwea ife, interrupt (ishara kutoka kwa chipu) ije, draiva igundue yenyewe, maana kinyume chake ni kupima stata ya boda kwa kuisukuma mteremkoni, itawaka na stata bado mbovu.

Kwa hali yako mimi nashuku zaidi kitu kingine, famwea haijafa, imenyamaza tu, kwa hiyo hakuna interrupt ya kifo na draiva inabaki kungoja. Hiyo unaipima kwa kaunta: ukiandika 1 kwenye faili yako ya debugfs, draiva inalitupilia mbali jibu moja linalofuata kutoka kwa famwea kana kwamba halikufika, halafu unaangalia timeout (muda wa kungoja) ikiisha draiva inafanya nini, inaamsha chipu au inarudisha kosa na kukaa kimya. Kaunta iwe atomic_t (namba inayobadilishwa salama bila kufuli), kwa sababu majibu mengi yanapokelewa mahali pasiporuhusu kulala, ukishika mutex pale kaneli inaweza kupiga kelele "scheduling while atomic" na unaanza kufukuza kosa ulilolileta wewe.

Famwea ikianguka, kimbilia /sys/class/devcoredump/, ndiko kaneli inakoweka data ya famwea ilivyokuwa ilipoanguka, na inaifuta baada ya dakika 5. Inakili kwenye flashi, sio /tmp, kwenye OpenWrt (Linux ya ruta) ile ni RAM na umeme ukikatika imekwenda.

Kaneli hii ya majaribio ibaki mezani kwako, mashuleni isifike. Ukimaliza nitumie dmesg (logi ya kaneli) ya hard na ya hw-restart, kila moja peke yake.