Re: Pombe ikipandishwa bei, vifo vitapungua huku kwetu Kisumu?

Ndugu, swali lako lina majibu mawili.

Pombe ya dukani, ndiyo. Uskoti waliweka bei ya chini kabisa mwaka 2018, peni 50 kwa kila kipimo cha kilevi, na watafiti wakakuta vifo vinavyotokana na pombe moja kwa moja vimekuwa pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko ilivyotarajiwa. Lakini Mskoti hana mama pima, yule muuza chang'aa (pombe kali ya kienyeji), nyuma ya nyumba.

Sisi tunaye. Mwaka 2013 serikali ilipoongeza ushuru wa keg, bia ya pipa ya bei nafuu, ambayo ilikuwa imepunguziwa kodi mwaka 2004 ili kuwavuta watu kutoka kwa chang'aa, wanywaji wengi hawakuacha. Walirudi kwa chang'aa tu. Katika mitaa yetu ya mabanda, Nyalenda au Obunga, hakuna asiyejua hilo.

Sheria ya pombe ya 2010, iliyoitwa ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, ilibana saa za baa, kumi na moja jioni hadi tano usiku siku za kazi, na pia ikahalalisha chang'aa yenye leseni. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa na maana, na ndiyo haikufuatiliwa.

Muuaji wa ghafla ni methanoli, kilevi chenye sumu kinachoweza kuwa ndani ya pombe haramu. Huwezi kuitambua kwa kuonja. Mtu akisema haoni vizuri baada ya kunywa, tafadhali msimwache alale "imtoke". Mkimbizeni hospitali kubwa, dawa ipo, na figo zinaweza kusaidiwa kwa mashine.

Kwa hivyo kupandisha ushuru ni sawa, ila si kwa keg peke yake.