Tangi la samaki kwenye sebule isiyo na jua

Sebule yangu iko Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya kwanza, na dirisha lake pekee linatazamana na ukuta wa jirani. Ukitaka kusoma gazeti saa saba mchana inabidi uwashe taa. Nilipohamia hapa nilijua habari za mimea ya majini zimeishia Tabata nilikotoka. Kumbe giza hili ndilo limenipa tangi zuri kuliko yote niliyowahi kufuga.

Lile la Tabata nililiweka dirishani kabisa, kwa ushauri wa muuzaji. "Kaka, mimea inapenda jua. Weka hapo, utaona." Nikaona kweli. Wiki ya tatu maji yalikuwa ya kijani kama mchicha uliosagwa, samaki wamebaki vivuli. Nikabadilisha maji yote. Siku ya nne yakarudi vilevile. Nikabadilisha tena. Mwezi wa pili nikaligawa tangi.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mwani na mimea wanakula sahani moja: mwanga, na uchafu wa samaki. Mwanga ukiwa mkali, mmea unataka hewa ya kaboni kwa wingi ili uufaidi, ndiyo maana wenye taa kali huwa wanafunga na mtungi wa gesi hiyo. Usipokuwa na mtungi, mmea unakwama na mwani unamalizia chakula. Punguza mwanga, na mmea utakwenda polepole ukitosheka na kaboni kidogo iliyomo majini. Kwa hiyo wewe mwenye nyumba ya giza tayari umeshaokoa pesa.

Sharti ni kuchagua mimea iliyozoea kivuli. Wa kwanza ni anubiasi. Kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia misitu ya Kamerun kuja Kongo, na huko huota kando ya vijito chini ya miti mikubwa, imeng'ang'ania mawe na magogo. Ukishajua hilo huhitaji maelezo mengine. Ina shina nene linalotambaa, na shina hilo halifukiwi mchangani. Mimi nililifukia, nikalishindilia vizuri kama napanda muhogo, na baada ya wiki mbili likawa laini na lina harufu ya kuoza. Siku hizi nalifunga juu ya jiwe kwa uzi wa kushonea, au nalibandika kwa tone la supaglu. Mizizi yenyewe italishika jiwe. Kangaga ya Java inataka mambo hayohayo.

Mmea unaofukiwa mizizi ni kriptokorini, na huu ndio ulionitia hasara ya kijinga. Ile niliyonunua asili yake ni Sri Lanka. Ukiihamisha kutoka maji haya kwenda maji mengine inasusa: majani yanayeyuka yote, unabaki na kitu kama mlenda. Niling'oa nikatupa. Laiti ningejua kwamba mizizi ilikuwa hai, na kwamba ndani ya wiki chache ingetoa majani mapya yaliyozoea maji yangu! Ukiiona imeyeyuka, ondoa uozo, mizizi iache palepale. Mimea myekundu na ile ya kutandaa kama zulia usiiguse, hata ukipewa bure. Mingi inataka mwanga mkali.

Tangi nilimchongesha fundi wa vioo: sentimita 60 kwa 30, urefu wa kwenda juu 35. Ukilijaza hadi ukingoni ni lita 63, yaani kilo 63 za maji peke yake, bado kioo na mchanga. Usiliweke juu ya kimeza cha televisheni. Mwambie fundi asitumie gundi ya silikoni yenye dawa ya kuzuia ukungu, maana ile inaua samaki.

Mchanga tumia wa mtoni, uoshe mpaka maji yatoke meupe. Mkono utauma, endelea. Sisi wa pwani tuna kishawishi cha kwenda kuchota wa ufukweni na kuokota mawe ya matumbawe kwa sababu yanapendeza. Yaache. Vipande vya makombe na matumbawe vinayeyuka taratibu na kuyafanya maji kuwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Ukiwa na shaka na jiwe, lidondoshee siki. Likitoa mapovu, si lako. Maji ya kisima nayo mitaa mingi ya Dar yana chumvi, kwa hiyo natumia ya bomba, nikiyaacha kwenye ndoo wazi usiku na mchana ili klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, iondoke.

Taa yangu ni balbu ya LED ya wati 9, nyeupe, imening'inia juu kidogo ya maji. Nimeifunga taima: inawaka saa kumi na mbili jioni, inazima saa sita usiku. Mmea haujali jua limechwea au la, unahesabu saa tu, na mimi ndio muda niliopo nyumbani. Ukiona mwani, punguza saa moja kabla hujanunua dawa yoyote.

Kisha inakuja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kukaa bila samaki. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, sumu nyingine, na wengine wanaoigeuza hiyo kuwa nitrati, ambayo mimea inaila. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujenga ukoo. Mimi nilikuwa natupia chembe za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili ili wapate cha kuanzia. Shangazi alipokuja kututembelea aliketi mbele ya tangi kwa muda, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, siku hizi unafuga maji?"

Wiki ya sita nikaingiza samaki sita wadogo aina ya gapi, madume watupu, maana ukichanganya na majike hutapata pa kuwaweka watoto. Samaki wa Ziwa Nyasa aina ya mbuna ni wazuri sana, lakini majani kwao ni mboga. Kipasha maji hapa Dar hakina kazi. Shida yetu ni joto la Januari na Februari, maana maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na umeme ukikatika pampu inanyamaza. Ndiyo sababu samaki wangu ni sita na siyo ishirini. Umeme ukizidi kukatika, nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, kila baada ya muda, mpaka urudi.

Kila wiki natoa robo ya maji na kuongeza mapya. Sponji ya chujio nasuuza kwenye ndoo ya hayo maji niliyotoa, kamwe siyo bombani, klorini itaua ukoo wote wa bakteria wanaoishi humo. Majani ninayopunguza siyatupi mtaroni. Gugumaji lililolisumbua Ziwa Victoria lilitoka Amerika ya Kusini, likipendwa kwa maua yake. Ya kwangu nayaanika barazani mpaka yakauke kabisa, halafu yanaingia kwenye ndoo ya udongo niliyopandia mwarobaini wa mama watoto.