GPS ya mkononi: maswali yenu kabla hamjatoa hela

Maswali ya GPS za mkononi yamenijia mengi, ya wapanda milima, ya wavuvi, ya watu wanaofanya kazi porini. Nachukua yale yanayojirudia.

Mkuu, simu yangu ina GPS. Ya nini ninunue kifaa kingine?

Kama unatembea masaa mawili matatu kwenye njia inayojulikana, usinunue, simu inatosha kabisa. Shusha ramani ukiwa bado na intaneti, ukifika huko weka simu kwenye hali ya ndege na GPS itaendelea kusoma maana haitegemei mtandao wa simu. Shida inaanza ukikaa nje siku tatu nne, mvua inakupiga, vidole vina tope, kioo cha tachi kikilowa kinaanza kujibonyeza chenyewe, ukivaa glavu ndo hakisikii kabisa, chaji imebaki asilimia 12 na simu hiyo hiyo ndo ya kuitia msaada. Hapo ndipo kifaa chenye batani za kubonyeza kinapojilipa. Halafu kuna jua: kioo cha simu juani unakipandisha mwanga mpaka mwisho na betri inakwisha, wakati vioo vya GPS nyingi za mkononi vinatumia mwanga wa jua lenyewe, jua likiwa kali ndo unaona vizuri zaidi.

Inatumia laini au bando? Na watu wanaweza kujua nilipo?

Hapana, na hapana. Setelaiti zinatuma tu mawimbi kutoka kama kilomita 20,200 juu, kifaa chako kinasikiliza na kupiga hesabu, kikizipata nne kinakupa mahali na mwinuko. Hakuna cha kulipia kila mwezi. Tofauti ni zile zenye uwezo wa kutuma meseji kwa setelaiti, kama Garmin zenye inReach, hizo zinapita kwenye setelaiti za Iridium na zinataka kifurushi. Kama una kawaida ya kwenda peke yako sehemu zisizo na mtandao, nakuomba sana uifikirie hiyo kabla ya kufikiria ramani za rangi, kwa sababu GPS ya kawaida itakuonyesha ulipovunjikia mguu lakini haitamwambia mtu.

Betri za kubadilisha au ya kuchaji ya ndani?

Mimi niko upande wa AA, zile betri ndogo za kawaida za kubadilisha, na sababu ni moja: zikiisha unatoa mbili mfukoni unaweka, dakika moja unaendelea na safari. Garmin eTrex 22x mtengenezaji anaipa mpaka masaa 25 kwa betri mbili, eTrex SE mpaka 168. Za kuchaji nazo zimekuwa nzuri siku hizi, GPSMAP 67 inapewa mpaka masaa 180, ila ikiisha porini unahitaji pawabenki na waya mzima. Hizo namba zote ni za hali nzuri, mwanga wa kioo ukiwa chini, kwa hiyo usizipangie safari mpaka saa ya mwisho. Na ukiweka betri za AA ingia kwenye settings umwambie kifaa ni za aina gani, alkalaini, lithiamu au zile za kuchaji, usipofanya hivyo kipimo cha betri kitakudanganya, unaona bado nusu kumbe inazima. Kwenye baridi kali chukua lithiamu.

Muuzaji kaniambia inasoma kwa usahihi wa mita moja hata msituni. Kweli?

Usimwamini. Kifaa cha kawaida mahali pa wazi tarajia mita 3 mpaka 5, na chini ya miti minene au kwenye bonde lenye kuta za mawe inazidi, kwa sababu mawimbi ni dhaifu mno, majani yaliyolowa yanayapunguza na mwamba unayarudisha yakafika yamechelewa, kifaa kinadhani setelaiti iko mbali kuliko ilivyo. Ukiwa unafanya kazi sehemu za namna hiyo tafuta inayosoma masafa mawili ya mawimbi ya setelaiti, yanayoitwa L1 na L5, kama GPSMAP 65s, maana L5 inasaidia sana kuchuja hayo mawimbi yaliyorudishwa. Kusoma Galileo (mfumo wa setelaiti wa Ulaya) na GLONASS (wa Urusi) pamoja na GPS nako kunasaidia, unapata setelaiti nyingi zaidi kwenye kipande kidogo cha anga unachokiona.

Naweza kupimia kiwanja?

Shamba kubwa kwa makadirio, sawa. Kiwanja kidogo, hapana. Chukua cha mita 20 kwa 20, ni mita za mraba 400. Kila upande ukizidi mita 3 tu unapata 529, karibu theluthi imeongezeka ambayo haipo, na hapo ndo majirani wanapogombana. Mwite mpima ardhi.

Nikisimama mshale wa dira unaelekea popote. Ni mbovu?

Sio mbovu. Modeli yako haina dira ya elektroniki, inajua uelekeo kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo, kwa hiyo mpaka utembee. eTrex 22x iko hivyo, 32x ina dira kamili na kipimo cha mwinuko cha shinikizo la hewa. Kama unazunguka kwenye vichaka ukisimama kila hatua, ongeza hela uchukue yenye dira, na kila ukibadilisha betri ikalibreti, yaani irekebishe upya isome sawasawa.

Rafiki kanitumia kordineti (namba za latitudo na longitudo za mahali), nikaziingiza, zikanipeleka kusikojulikana.

Mara nyingi ni mtindo wa kuandika. Yeye kaandika 6.50 akimaanisha digrii sita na nusu, yaani digrii 6 dakika 30, wewe umeingiza digrii 6 dakika 50. Dakika 20 za latitudo ni kama kilomita 37. Angalia kifaa kimesetiwa mtindo gani, muulize naye anatumia upi, na hakikisheni wote mko kwenye WGS84, datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) inayotumiwa na GPS, maana ramani za karatasi za zamani nyingi zina datamu nyingine. Ukishaingiza usianze kutembea, soma kwanza umbali kifaa kinachokuonyesha mpaka hiyo pointi. Kama mlikubaliana ni mwendo wa saa moja na kinasema kilomita 37, rudia kuandika.