Nitrati Haishushwi kwa Wiki Moja: Kwa Mnaoanza Kufuga Matumbawe Nyumbani

Kila mwaka, mvua za masika zinapoelekea ukingoni, hunifikia swali la namna ileile kutoka kwa wanaoanza kufuga matumbawe hapa pwani: nitrati (ile chumvi ya nitrojeni inayobaki majini chakula na kinyesi vikishaoza) imefika 40, matumbawe yamegeuka rangi ya udongo, nitumie nini ishuke hadi sifuri kabla ya Jumapili? Nawapenda watu hawa, kwa sababu asiyejali haulizi, lakini swali lenyewe lina makosa mawili. Sifuri si shabaha, na Jumapili ni karibu mno. Nawaandikia ninyi mliokwisha kuvuka mzunguko wa kwanza wa tangi, yaani kusubiri bakteria wa kusafisha maji wakomae, mnaojua kazi ya skima inayotoa uchafu kwa povu na ya sampu, lile tangi la pembeni la vifaa, mnaopima maji kila wiki bila kusukumwa na mtu, na ambao pamoja na hayo yote bado mnaiona nitrati kuwa sumu ya kufukuzwa.

1. Maji ya mwamba ulio mbali na mdomo wa mto huwa na nitrati chini ya 0.5 ppm, yaani miligramu kwa lita, na hapo ndipo hoja ya wengi huanzia: bahari inaishi hivyo, basi tangi nalo liishi hivyo. Kinachosahauliwa ni kwamba tumbawe la mwambani haliishi kwa kile kilichoyeyuka majini peke yake. Usiku na mchana mkondo hulipitishia planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, kinyesi cha samaki na chembechembe za kila aina, na humo hupata sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi inayolijenga. Tangi la lita 200 sebuleni halina mkondo huo. Ukiondoa nitrati na fosfati (fosforasi iliyoyeyuka majini) zote, zuzantela, yaani ule mwani mdogo unaoishi ndani ya tishu za tumbawe, hupungua, rangi hufifia, na mara nyingi mchanga hufunikwa na dinoflajeleti, ule ute wa kahawia wenye viputo ambao kuumaliza ni kazi ya miezi. Nitrati ikizidi sana, zuzantela huongezeka kupita kiasi, na ndiyo rangi ya udongo mnayoilalamikia. Tumbawe la kahawia halipendezi, lakini ni tumbawe lililo hai, lenye chakula, na linaloweza kusubiri. Mimi huwaelekeza wanaoanza wakae kati ya 5 na 10 ppm za nitrati, na fosfati kati ya 0.03 na 0.1. Matumbawe laini kama Sarcophyton na Sinularia huvumilia hata 20 bila shida, ilhali Acropora, tumbawe gumu la matawi, hudai uthabiti kuliko inavyodai tarakimu fulani.

2. Kabla ya kuiogopa tarakimu, hakikisheni ni ya kweli. Vipimo vingi vya nyumbani huigeuza nitrati kuwa nitriti, ile hatua inayoitangulia nitrati tangini, kwanza, kisha huipima hiyo nitriti. Kwa hiyo tangi changa ambalo bado lina nitriti litaonyesha nitrati nyingi kuliko iliyopo. Chupa yenye unga uliotuama chini isipotikiswa kwa nguvu, jibu huwa dogo kuliko ukweli, na rangi ikisomwa chini ya taa ya buluu ya tangi, jibu huwa la kubahatisha. Halafu kuna vipimo vinavyotoa jibu la nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati, si la nitrati yenyewe, na tofauti yake ni mara 4.4. Nimeshuhudia watu wawili wakibishana kwa hasira, mmoja akishikilia 10 na mwenziwe 44, juu ya maji ya ndoo moja, na wote wawili walikuwa sahihi. Someni karatasi iliyomo ndani ya boksi hadi mwisho.

3. Tafuteni nitrati inakoingia kabla ya kutafuta namna ya kuitoa. Chakula ndicho mlango mkuu. Karibu asilimia 16 ya protini ni nitrojeni, kwa hiyo gramu 1 ya chakula kikavu chenye protini nusu kwa nusu hubeba takriban miligramu 80 za nitrojeni; zote zikiishia kuwa nitrati katika tangi la lita 200, hupandisha kipimo kwa karibu 1.8 ppm. Samaki hubakiza kiasi mwilini mwao, na kiasi kingine hutolewa na skima, lakini atupiaye gramu mbili kila siku kwa samaki wanne asishangae. Mlango wa pili ni sponji na soksi za kuchujia zinazoachwa wiki tatu bila kufuliwa, uchafu ukioza humo huku maji yakipita juu yake.

Mlango wa tatu hausemwi vya kutosha, nao ni maji ya kujazia yale yaliyokauka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha nitrati katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, na visima vingi vya mitaani mwetu vimechimbwa karibu na vyoo vya shimo. Chukulieni kisima chenye miligramu 40, maji ambayo kwa kikomo hicho yanaruhusiwa kunywewa. Tangi linalopoteza lita 3 kwa siku kwa joto letu litapokea miligramu 120 za nitrati kila siku, na kwa kuwa maji hupaa peke yake na nitrati ikabaki, tangi la lita 200 litapanda kwa 18 ppm ndani ya mwezi hata kama halina samaki hata mmoja. Mtu wa namna hiyo hubadilisha chakula, hubadilisha skima, huuza samaki, na nitrati haishuki, kwa sababu anaimimina mwenyewe kila asubuhi. Nunueni mtambo wa kuchuja maji kwa osmosisi wenye hatua ya mwisho ya kuondoa ayoni, na mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, isome sifuri.

4. Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu limetokea mbele yangu, na mwenye tangi, kijana ninayemheshimu kwa bidii yake, ameniruhusu nilisimulie bila kumtaja. Tangi lake lilikuwa na nitrati 50 na fosfati 0.08. Samaki walikuwa wanono, matumbawe yalikuwa ya kahawia na polipi zake, vile vinywa vidogo vyenye mikono, zilikuwa wazi mchana kutwa. Hapakuwa na dharura yoyote, ila tarakimu iliyomnyima usingizi.

Alisoma kwamba vodka huwapa bakteria kaboni, nao wakizaliana huchukua nitrati na fosfati majini, kisha skima huwatoa pamoja na povu. Hayo ni kweli, na alianza kwa kiasi kidogo kama inavyotakiwa. Lakini siku hizohizo aliambiwa kwamba fosfati nayo ni adui, akajaza riakta, kopo ambalo maji hupitishwa ndani yake, kwa chembechembe za oksidi ya chuma zinazonasa fosfati, nyingi kuliko zilizohitajika kwa tangi la ukubwa wake. Fosfati ilifika sifuri baada ya siku chache, nayo nitrati ikasimama palepale. Bakteria hawawezi kujenga miili yao kwa nitrojeni bila fosforasi, kama ambavyo planktoni wa baharini hawawezi. Ule uwiano wa Redfield mnaousikia ukitajwa, atomi 16 za nitrojeni kwa 1 ya fosforasi, maana yake ya kila siku ndiyo hiyo. Yeye, alipoona nitrati haisogei, aliamua kwamba dozi ya vodka haitoshi. Akaiongeza, akasubiri siku mbili, akaiongeza tena.

Nilipoitwa kutazama, ncha za Acropora zilikuwa zimeungua na kuwa nyeupe, kwa sababu ualkali wa maji, yaani akiba ya kaboneti ambayo tumbawe hujengea mfupa, ulikuwa 11 kwa kipimo cha dKH na tumbawe halikuwa na chakula cha kulihimili jengo hilo la haraka. Karibu na shina tishu ilikuwa imeanza kuachia. Nilipoipulizia maji kwa bomba la sindano, ilitoka vipandevipande ikauacha mfupa mtupu. Jörg Wiedenmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton wamelionyesha jambo hili kwa majaribio: tumbawe linapopata nitrojeni nyingi huku likinyimwa fosforasi, uwezo wake wa kuhimili joto na mwanga hushuka, na hupauka mapema. Nitrati 50 ile, ikiwa na fosfati 0.08, haikuwa imeliua tumbawe lolote kwa miezi. Nitrati 50 hiyohiyo, ikiwa na fosfati sifuri, ilikuwa inaliua mbele ya macho yetu.

Nilimwambia aiondoe riakta, aipunguze vodka hatua kwa hatua, na airudishe fosfati kidogokidogo kwa njia ya chakula. Katika hofu aliyokuwa nayo alilisikia neno moja tu, kwamba fosfati inakosekana. Jioni ileile akamimina myeyusho wa fosfati kwa mkupuo mmoja, na dozi ya vodka ya siku hiyo, ile kubwa, ilikuwa imekwisha kuingia. Bakteria waliokuwa wamekwama kwa kukosa kitu kimoja sasa walikuwa na vyote. Alfajiri maji yalikuwa meupe kama tui, mwamba hauonekani kutoka kwenye kioo, na samaki wake aina ya kangaja alikuwa juu kabisa akihema, kwa sababu oksijeni yote ya usiku ilikuwa imeliwa na bakteria hao. Tulitia pampu mbili za hewa, tukaiacha skima ifurike kwenye ndoo, tukabadilisha theluthi ya maji kwa maji yaliyokwisha kupashwa na kupimwa chumvi, na vodka ikasimamishwa kabisa. Kangaja alipona. Samaki wawili wadogo hawakupona, na Acropora, ambayo aliilea kutoka kipande chenye ukubwa wa kidole gumba, ilikuwa mfupa mtupu kabla ya jua kuchwa. Sarcophyton ilijifunga kwa muda mrefu, ikavua ngozi yake ya nje, kisha ikafungua polipi upya.

Nawasihi mlitazame tukio hili kwa mpangilio wake. Vodka peke yake, kwa kiasi kidogo, isingeua. Chembechembe za chuma peke yake, kwa kipimo, zisingeua. Hata fosfati ya kumimina, kwa matone, ingesaidia. Kilichoua ni mabadiliko manne makubwa ndani ya majuma machache, kila moja likifanywa kabla ya lile la kwanza kutoa jibu lake. Atakaye kutumia kaboni akumbuke kwamba bakteria huchukua wiki mbili au zaidi kabla ya nitrati kuanza kushuka, kwamba fosfati lazima ionekane kwenye kipimo muda wote, na kwamba ualkali ukae kati ya 7 na 8.5. Atumiaye siki nyeupe ya asilimia 5 badala ya vodka ya asilimia 40 anahitaji ujazo wa takriban mara nane, na aigawe kwa siku nzima. Konyagi haitumiki, ina vionjo ambavyo havina kazi majini.

5. Kwa kubadilisha maji tu, hesabu ni rahisi na haidanganyi. Asilimia 20 ya maji ikibadilishwa, 50 inakuwa 40, mara ya pili 32, mara ya tatu karibu 26. Ndiyo kusema mabadiliko matatu ya kila wiki huipunguza nitrati kwa nusu bila kulishtua tumbawe lolote, ikiwa milango ya namba 3 imefungwa. Kwa maoni yangu kushuka kwa moja ya tano kwa wiki ndio mwendo wa juu kabisa, na sijaona tangi lililojuta kwa kwenda taratibu zaidi.

6. Mnaochota maji baharini badala ya kuchanganya chumvi, ambao hapa kwetu ni wengi, chaguo la siku ni nusu ya kazi. Choteni maji yakiwa yanajaa, hasa siku za bamvua, mahali ambapo maji mapya ya bahari kuu hufika, mbali na mikondo ya miji. Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, Mto Msimbazi huteremsha uchafu wa mji mpaka Daraja la Salenda, na madumu yanayojazwa karibu na hapo katika siku hizo huwa na chumvi pungufu na mbolea ya kutosha. Ndiyo sababu maswali ya nitrati huongezeka baada ya masika. Subirini maji ya bahari yatakate, pimeni chumvi ifike 35 kwa elfu, pimeni na nitrati ya dumu kabla ya kulimimina.

7. Mwani wa Chaetomorpha, unaofyonza nitrati, uwashiwe taa usiku kwenye sampu. Sponji ifuliwe kila wiki. Pampu ya hewa ya betri iwepo kabla umeme haujakatika.

8. Vipande vya matumbawe chukueni kwa wafugaji wenzenu. Msivunje mwambani, na msimnunue mvunjaji. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini, na tukiacha sheria, kipande kilichokulia kwenye tangi la jirani lenye nitrati 8 kitatulia kwenye tangi lenu lenye 10 mapema kuliko kilichotolewa kwenye maji yenye 0.2. Kwangu vipo, na sitozi bei kwa anayeanza. Njooni na ndoo yenye mfuniko pamoja na daftari lenye vipimo vyenu vya nitrati, fosfati na ualkali vya wiki nne mfululizo, kwa sababu bila daftari hilo sitakata tawi.